Tulipu zimekataa, amarilisi imeoza: vitunguu vya maua ndani ya nyumba za Unguja

Swali: Shikamoo Bi Shamba. Naishi Mkunazini, Mji Mkongwe, darini, ghorofa ya pili. Oktoba iliyopita kaka yangu anayeishi Uholanzi alikuja likizo akaniletea vitunguu vya maua: tulipu kumi, hayasinti sita na amarilisi mbili. Nilivipanda wiki ile ile, ndani, penye dirisha la kusini kama karatasi yake ilivyoagiza, nikawa navimwagilia asubuhi na jioni. Tulipu zilitoa majani, kisha tumba la ua likakauka humo humo ndani ya majani kama karatasi. Hayasinti zilifungua maua chini kabisa, yamebanwa, hata hayaonekani. Amarilisi moja ilitoa maua mazuri mno mwezi wa Desemba, lakini sasa majani yake yana michirizi myekundu na kitunguu kinanuka. Ya pili niliipa ndoo nzima ya lita 20 ipate nafasi, nayo imetoa majani tu, marefu, yamelala. Halafu kuna vijidudu vyeusi vinaruka kila nikigusa chungu. Mama mkwe wangu ana bustani nzuri kule Bububu, ananiambia sina mkono wa kupanda. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na kabla ya jambo lolote nataka nikutoe hilo la mkono. Tulipu na hayasinti hazikufa kwa kosa lako. Hata huyo mama mkwe wako, kwa heshima zake zote na bustani yake, angezipanda Oktoba ndani ya nyumba ya Mkunazini zingemfanyia yayo hayo. Kuoza kwa amarilisi, majani matupu ya ile ya pili, na vijidudu, hayo ndiyo yako, na karibu yote yametoka penye kopo lako la maji. Yanarekebishika.

Nianze na kitunguu chenyewe, maana ukikielewa hicho mengine yatajieleza. Mbegu huanza maisha na akiba ndogo tu. Kitunguu cha ua ni ghala. Kila ganda lile nene ni chakula kilichowekwa na majani ya msimu uliopita, na katikati ya ghala hilo ua lenyewe limeshaundwa, dogo, lakini kamili. Tulipu ikifika mkononi mwako Oktoba, ukiipasua kwa kisu kutoka juu hadi chini utaliona ua lake limekaa kati, lina petali na kila kitu. Ndiyo maana kitunguu huchipua hata juu ya meza bila udongo wala maji. Watu hudhani wamefaulu wakiona majani. La, majani yale ni akiba ya shamba la mwaka jana inayotumika. Kazi yako wewe ni mbili: kulitoa ua lililokwishaundwa bila kuliharibu, na kukifanya kitunguu kijiwekee akiba ya ua la mwakani. Kazi hizo mbili zinataka mambo tofauti, na kwa tulipu hiyo ya kwanza tu tayari inatushinda kwa hali ya hewa.

Tulipu asili yake ni milima ya Asia ya Kati, mahali penye baridi ya theluji na kiangazi kikavu. Imejifunza kungoja. Haiamini kwamba baridi imekwisha mpaka ihesabu wiki 12 hadi 16 za ubaridi wa nyuzi 2 hadi 9 za Selsiasi. Katika wiki hizo wanga uliomo ndani hugeuka sukari, na vichocheo vinavyorefusha shina huamka. Bila baridi hiyo majani hutoka, kwa kuwa majani hayahitaji ruhusa kubwa, lakini shina la ua halina nguvu ya kurefuka. Tumba hubaki limekaa chini, joto linaliunguza, linakauka. Ndicho ulichokiona. Watafiti wa Wageningen huko Uholanzi wamekuwa wakipima mambo haya tangu miaka ya 1920, na biashara yote ya maua ya vitunguu ya Uholanzi imejengwa juu ya vipimo hivyo vya joto na baridi. Usiku wetu wa kipupwe ulio baridi kuliko yote, Julai au Agosti, kwa kawaida hauteremki sana chini ya nyuzi 21. Hiyo kwa tulipu ni kiangazi.

Utaniuliza: je, friji? Inawezekana. Wapo wanaofanya hivyo katika nchi za joto, na mimi mwenyewe nimejaribu. Vitunguu hutiwa katika mfuko wa karatasi wenye matundu, vikakaa kwenye friji ya kawaida, si kwenye friza, maana kuganda kunaviua, kwa wiki hizo 12 hadi 16. Lakini kuna mtego ambao karatasi ya kaka yako haikuutaja. Friji zetu zina matunda. Ndizi mbivu, embe, papai, pera, yote hayo yakiiva hutoa gesi iitwayo ethilini. Haina rangi, wala huwezi kuinusa kwa kiasi kile, lakini inaingia ndani ya kitunguu na kuliua lile ua dogo lililolala. Kitunguu kikitoka friji kitaonekana kizima, kitatoa majani mazuri, na ndani ya tumba hamna kitu. Friji yenye embe za msimu na friji yenye tulipu haziwezi kuwa friji moja.

Mtego wa pili ni umeme. Novemba 2009 nilikuwa na tulipu kumi na tano zimekaa friji, nimezihesabia wiki tano. Desemba umeme ukakatika Unguja nzima, na haukurudi mpaka Machi 2010. Waliokuwapo wanakumbuka miezi mitatu ile: majenereta kila uchochoro, na maji kwa ndoo. Zile tulipu zangu ziliota ukungu wa buluu ndani ya mfuko nikazifukia. Si jambo la kulia nalo katika mwaka ule ambao watu walikuwa na shida kubwa zaidi, lakini lilinifunza nitazame kalenda, na kalenda ndiyo iliyonifanya niache.

Itazame nawe. Tulipu huchimbwa Uholanzi Juni na Julai, huuzwa Septemba hadi Novemba. Ukizipata Oktoba na kuzitia friji siku hiyo hiyo, wiki 14 zitakufikisha mwisho wa Januari. Sasa zitoe uzipande. Zinatoka kwenye nyuzi 5 zinaingia katika kaskazi, mchana nyuzi 32 au 33, usiku hakuna upepo. Tulipu hufurahia nyuzi 15 hadi 18. Ukibahatika zikafungua, ua ambalo kule kwao lingekaa wiki nzima litapanuka asubuhi na siku ya pili au ya tatu petali ziko mezani. Na kitunguu hakitaweka akiba tena kwa joto hilo, kwa hiyo kimekwisha, ni cha kutupa. Ungekuwa na sababu kubwa, harusi kwa mfano, ningekwambia fanya. Kwa ajili ya kupamba ukumbi, mimi siwezi kukushauri utumie miezi mitatu ya friji kwa siku mbili za ua.

Hayasinti ni ndugu wa shauri hili hili, na dalili yake umeieleza vizuri kuliko vitabu. Inapopata baridi pungufu, maua hayangoji shina lirefuke, hufunguka pale pale chini kati ya majani. Kuna zinazouzwa zikiwa zimetayarishwa kwa joto maalumu ili ziwahi, lakini hata hizo hutaka wiki kumi au zaidi za ubaridi na giza kabla ya kuletwa kwenye mwanga. Naelewa ulichokitaka: harufu. Hayasinti ina harufu inayojaza chumba. Lakini mwanangu, unakaa katika mji ambao mwanamke akishuka Darajani anarudi na asumini na vilua kwa bei ya chai, na kikuba kimoja juu ya mto kinakutosha usiku kucha. Ukizigusa tena hayasinti, vaa mifuko ya plastiki mikononi, maana maganda yake yana fuwele ndogo zinazowasha ngozi.

Na hapa niseme jambo ambalo hunikosesha usingizi kuliko tulipu zote. Vitunguu hivi si chakula. Cha amarilisi na cha jamaa zake kina sumu inayotapisha na kuumiza tumbo vibaya, na kikiwa ndani ya friji au juu ya kabati la jikoni kinafanana sana na kitunguu maji. Imewahi kutokea nchi za nje watu wakakikatia kwenye mchuzi. Nyumba zetu zina wageni, zina watoto, zina wasaidizi wa jikoni. Kiweke katika mfuko ulioandikwa kwa herufi kubwa SUMU, SI CHAKULA, na kiweke mbali na kapu la vitunguu. Paka nao wasiachiwe wayatafune majani, na paka wa Mji Mkongwe mnawajua.

Tuje kwenye dirisha. Karatasi ya kaka yako imesema dirisha la kusini kwa sababu imeandikwa Ulaya, ambako jua mwaka mzima hupita upande wa kusini. Sisi tuko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta. Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri linapita kaskazini mwetu, na dirisha la kusini katika miezi hiyo halipati hata mstari mmoja. Oktoba hadi Machi linapita kusini, lakini karibu na utosi, na kuta za nyumba zenu za mawe zina unene wa hatua moja, kwa hiyo jua linaishia kwenye kizingiti. Ongeza uchochoro mwembamba na nyumba ya jirani inayotazamana na yako. Kitunguu chako kilikuwa gizani, ijapokuwa wewe ulikuwa ukiona vizuri kusoma. Jicho la mtu linadanganya katika hili. Pima hivi: saa sita mchana weka karatasi nyeupe mahali pa chungu, weka mkono wako juu yake kiasi cha shibiri moja. Kivuli kikiwa na vidole vinavyohesabika, mwanga unatosha. Kikiwa ni doa la ukungu tu, majani yatarefuka yakitafuta nuru, yatakuwa laini, yatalala, kama ya amarilisi yako ya pili.

Dirisha bora kwa nyumba za hapa ni la mashariki, lenye jua la asubuhi kwa muda wa saa mbili au tatu, likafuatiwa na mwanga mweupe bila jua kali. Roshani inayotazama mashariki ni bora zaidi. Jua la magharibi la alasiri wakati wa kaskazi huchoma majani yakapata madoa meupe, usilipe. Na wenye nyumba za Shangani au Forodhani zinazopigwa na upepo wa bahari wakumbuke kuyafuta majani kwa kitambaa chenye maji yasiyo na chumvi kila wiki, kwani chumvi hukaa juu yake na ncha zikawa kahawia, watu wakadhani ni ugonjwa.

Sasa maji, ambapo ndipo penye kesi yako hasa. Asubuhi na jioni ni maji ya mchicha. Kitunguu ni ghala, nimekwambia, na ghala likilowa kila siku kilichomo kinaoza. Mizizi yake inataka hewa kati ya chembe za udongo. Ukiijaza maji siku zote mizizi inakosa pumzi, inakufa, kisha vimelea vya kuoza vinapanda kutoka kwenye mizizi iliyokufa hadi kitako cha kitunguu, na katika joto letu la nyuzi 28 na kuendelea vinafanya kwa siku tano kile ambacho Ulaya vingefanya kwa mwezi. Kisha ulimwagia wapi? Wengi humwagia juu, katikati ya shingo, maji yakatuama kati ya majani. Mwagia pembeni ya chungu. Ingiza kidole hadi kiungo cha pili. Kikitoka na udongo wenye unyevu, ondoka. Kikitoka kikavu, mwagia mpaka maji yatoke chini, kisha mwaga maji yaliyobaki kisahanini baada ya robo saa. Kwa chungu cha ndani hapa Unguja inatoka mara mbili kwa wiki wakati wa kaskazi, na katika masika, hewa ikiwa imelowa, mara moja kwa wiki au hata kwa siku kumi. Ndugu zetu wa Pemba, wanaopata mvua zaidi yetu, wapunguze hata hapo.

Maji yenyewe pia yana neno. Visima vyetu vingi viko juu ya jiwe la matumbawe, maji yake yana chokaa, na vya karibu na pwani vina chumvi. Ukiona utando mweupe ukingoni mwa chungu na majani machanga yanakuwa ya manjano huku mishipa imebaki kijani, mmea unakosa madini ya chuma, si kwamba hayamo, ila chokaa imeyafunga. Sasa hivi ni masika. Tega ndoo, ufunike mbu wasizalie, utumie hayo. Hakuna maji bora kuliko ya mvua kwa kazi hii.

Vijidudu vyeusi vinavyoruka havikuleta kuoza, vimefuata. Wanazaa katika udongo wenye unyevu daima, na funza wake wadogo weupe hula vitu vilivyooza na vijizizi laini. Acha udongo wa juu ukauke kiasi cha sentimita tatu, tandaza mchanga mkavu juu yake, na simamisha kipande cha kadibodi ya manjano kilichopakwa mafuta ya mgando, watanasa. Kwa wiki tatu hivi watakwisha bila dawa yoyote. Ikiwa ungeona vitu vyeupe kama pamba kwenye kitako cha majani, hao ni vidung'ata, wengine kabisa, hufutwa kwa pamba yenye maji ya sabuni, kisha unarudia kila baada ya siku nne mpaka wasionekane.

Amarilisi yako inayonuka: itoe chunguni leo. Osha udongo wote, uibonyeze kitako kwa kidole gumba. Ikiwa kitako ni kigumu na kuoza kuko kwenye maganda ya nje, inapona. Menya maganda mabovu moja moja kwa kisu kilichofutwa kwa spiriti kila mkato, mpaka ufike palipo peupe na pakavu. Kata mizizi iliyolegea, acha ile myeupe. Pakaa jeraha dawa ya ukungu yenye shaba. Mimi nimezoea unga wa mdalasini pale nisipokuwa na dawa, unakausha jeraha, lakini hauponyi kilichokwisha oza, usijidanganye nao. Kisha kiache kitunguu juu ya gazeti, kivulini, penye upepo, siku tatu hadi tano. Lakini ukibonyeza kitako kikazama, funga ndani ya mfuko uutupe. Usitie kwenye shimo la mboji. Hapo hakuna mganga.

Ile michirizi myekundu ni jambo jingine lililokuja pamoja. Ni kuvu linalopenda sana amarilisi, huweka madoa na michirizi ya rangi ya damu kwenye majani, kwenye shina la ua na kwenye maganda, na jani hujikunja pale penye doa. Linasafiri kwa matone ya maji yanayoruka, ndiyo maana kumwagia kutoka juu kunalisambaza. Kata majani yaliyougua hadi chini ya doa, yachome, na chungu kitengwe na vingine. Tahadhari moja: kila jeraha la amarilisi huwa jekundu kidogo, hata la kukwaruzwa na ukucha. Doa moja pale palipoumia si ugonjwa. Michirizi inayozidi wiki hadi wiki ndiyo ugonjwa.

Nimeiacha ya pili mwisho kwa sababu hiyo ndiyo yenye matumaini, na ndiyo ninayotaka uishughulikie kwa moyo wako wote. Amarilisi ni mwenyeji wa Amerika ya Kusini, Brazil, Bolivia, Peru na jirani zake. Haidai baridi ya theluji. Inachodai ni msimu wa kunywa na msimu wa kulala, na sisi visiwani misimu hiyo tunayo tayari, imepangwa kama iliyoandikiwa yeye. Ndani ya kitunguu chake, kwa kila majani manne yanayoundwa huundwa tumba moja la ua, na tumba hilo huchukua karibu mwaka mzima humo ndani kabla halijatoka. Kwa hiyo ukikosa ua mwaka huu, sababu itafute mwaka jana, na ua la mwakani unalipanda leo kwa majani uliyonayo.

Kwa nini yako ilitoa majani tu? Ndoo ya lita 20 kwanza. Amarilisi hupenda kubanwa, nafasi ya vidole viwili kati ya kitunguu na ukingo wa chungu inatosha. Katika ndoo udongo mwingi usio na mizizi unakaa na maji, na mmea unashughulika na kujaza nafasi. Kisha giza, nimelisema. Kisha kina: sijui ulikifukia chote? Theluthi moja ya juu, hata nusu, ibaki nje, shingo ipate hewa. Na ikiwa mama mkwe alikupa urea ya bustanini, urea hulisha majani. Tafuta NPK 17:17:17, robo kijiko cha chai katika lita moja ya maji, kila wiki mbili, juu ya udongo uliokwisha loweshwa. Mwisho kabisa, huenda kitunguu chenyewe ni kidogo tu. Kinachozungukwa na uzi wa chini ya sentimita 20 mara nyingi hakina ua ndani yake, kinahitaji mwaka mmoja wa kula.

Udongo wa kuipandia usichote ufukweni, mchanga ule una chumvi, na kuuchota ni kuharibu pwani yetu pia. Mimi huchanganya makopo mawili ya udongo wa kinongo, kopo moja la mchanga wa shamba uliooshwa, na kopo moja la nyuzi za makumbi. Makumbi hayo yana sharti. Yakiwa ni yale yaliyofukiwa ufukweni kwa ajili ya kusokota kamba, yamenyonya maji ya bahari, kwa hiyo yaloweke kwenye maji matamu na kubadilisha maji mara nne au tano kwa siku mbili, mpaka ukiyagusa kwa ulimi usione chumvi. Samadi iliyooza kabisa weka konzi moja chini, isiguse kitunguu. Majivu usitie, udongo wetu una chokaa ya kutosha. Chungu kiwe cha udongo wa mfinyanzi, chenye tundu. Chungu cha plastiki chenye nakshi kisicho na tundu ni kaburi.

Halafu kalenda yake, iliyo yetu. Sasa hadi mwisho wa Juni acha majani yanywe mwanga na mbolea, hata kama yanaonekana hayana kazi, usiyafunge fundo wala kuyapunguza. Julai anza kupunguza maji, mwishoni mwa mwezi acha kabisa. Weka chungu mahali pakavu, penye hewa, pasipofikiwa na mvua za mchoo. Majani yatakuwa ya manjano, yakikauka yakate. Wiki nane hadi kumi za kukaa kavu katika kipupwe, pamoja na upepo wa kusi kupita dirishani, ndiyo usingizi wake. Mwanzoni mwa Oktoba badilisha udongo wa juu, mwagia mara moja, usimwagie tena mpaka uone ncha ikitokeza, kijani na butu. Ncha nyembamba, bapa kama ulimi, ni jani. Ncha nene, imepasuka kidogo juu kama mdomo wa kasuku, ni tumba. Wiki sita hadi nane baadaye, vuli ikiwa nje, utapata maua. Kuna wanaoiacha na majani mwaka mzima na ikatoa maua bila kulala, sikatai, lakini waliolaza hupata maua kwa wakati wanaoujua.

Kama una hamu ya vyungu vingine, kuna Narcissus nyeupe ya pwani za Mediterania, ile inayotoa vishada vyenye harufu. Haidai baridi, hukaa hata juu ya kokoto na maji, ila itaanguka kama chumba kina joto na giza, na ni ya msimu mmoja tu. Mimi ningependelea zaidi uangalie vya hapa. Kila masika, katika vichaka vya pwani ya Afrika Mashariki, kuna kitunguu kinachotoa shina moja na juu yake mpira mzima wa maua mekundu, mamia yake, mkubwa kama bungo, kabla hata majani hayajafunguka. Wataalamu hukiita Scadoxus multiflorus. Kinakaa chunguni miaka mingi penye kivuli chepesi, kinalala chenyewe kiangazi, kinaamka chenyewe mvua zikija. Kina sumu kama wenzake. Usiking'oe msituni. Omba mche kwa aliyekwisha kukipanda nyumbani, maana huzaa watoto pembeni. Na roshani yako ikipigwa na upepo wa chumvi, yale maua meupe yenye vidole virefu kama buibui, Hymenocallis, yaliyopandwa katika bustani nyingi za pwani, yatavumilia pale ambapo amarilisi italalamika.

Kwa kaka yako nina ombi. Mimea na vitunguu vya kupanda vinavyoingia visiwani hutakiwa viwe na kibali na cheti cha afya ya mimea kutoka vilikotoka. Kuna mnyoo mdogo sana usioonekana kwa macho, unaoishi ndani ya vitunguu vya Narcissus, ambao hushambulia pia kitunguu maji na thomu. Zawadi ya dada isije ikawa hasara ya mkulima wa Pemba.

Leo kabla ya magharibi, basi, fanya hili. Kile kitunguu cha ndoo kitoe pamoja na mizizi yake yote, usiikate, zungushia uzi pale palipo panene, kisha upime uzi kwa rula. Nitumie namba hiyo, pamoja na idadi ya majani. Kwa majani manne manne nitaweza kukuhesabia kama kuna tumba la kungojea Novemba.